Siku Niliyolipeleka Nyumbani Daraja la Waajemi

Harufu ya wino wa masizi ndiyo utoto wangu. Tuliuchanganya wenyewe chuoni, Kondoa, masizi ya sufuria na maji kidogo, tukaandika aya kwenye mbao huku Maalim akitusimulia habari za Sirati, lile daraja jembamba kuliko unywele tutakalolivuka Siku ya Kiyama. Nililiogopa mno! Kila nilipoiba karanga za mama nilijiona nimeshateleza.

Kiangazi kimoja nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wa historia akatuambia kwamba Waajemi wa kale, wafuasi wa nabii wao Zaradushti, nao walikuwa na daraja la wafu, kabla Uislamu haujaja: kwa mwema linapanuka, kwa mwovu linakuwa kama makali ya kisu. Wapo wataalamu, akasema, wanaoamini kwamba fikra zao za pepo, moto na hukumu zilizifikia dini nyingine. Ulimi hauna mfupa; jioni, tukila ugali, nikayamwaga yote. Baba akanawa mikono kabla hajashiba. "Kumbe huko mnafundishwa ukafiri? Basi, shule imekwisha." Nililia hadi kwikwi, maana baba akisema amesema.

Siku tatu nilipepeta ulezi nyumbani, sare ikining'inia msumarini. Siku ya nne akanipeleka kwa Maalim nitubu. Nikaamkia, nikaeleza yote, roho mkononi. Maalim akacheka! "Mzee Idi, watu wa kale walijua kuwa dhuluma ina hukumu, nawe wakasirika? Kila umma uliletewa mwonyaji. Mtoto hajakufuru, ameuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo." Baba akaaga. Njia nzima alitangulia hadi mlangoni kwetu.

"Kesho nenda shule," akasema bila kunitazama. "Na umuulize huyo mwalimu wako: baba aliyemkatalia mwanawe shule, hilo daraja la Waajemi lingempitisha?"

Leo nafundisha falsafa hapa Dodoma mjini. Wanafunzi wangu wanalipata daraja hilo kwenye simu kabla sijamaliza sentensi, na hakuna anayelilia sare yake kwa ajili hiyo, alhamdulillahi. Huniuliza nani alichukua fikra kwa nani, wakabishana hadi kengele ilie, nami nafurahi kweli kweli. Lakini miaka yote hii sijapata aliyeuliza swali zito kama la baba, na baba hakusoma hata darasa moja.