Wito wa Nohea

Leimomi Kahananui alikuwa akiwachezea watalii hula, densi ya visiwa vya kwao, tangu kiuno chake kingali chembamba. Hoteli iliita onyesho hilo luau, yaani karamu ya kwao, lakini nguruwe hakuokwa tena shimoni. Alitoka jikoni ameshapoa, na poi, uji mzito wa magimbi, ilitiwa maji hadi haikushika kidole. Ngoma nazo zilitoka kwenye mashine. Wageni walinung'unika, na walikuwa na haki. Leimomi aliona haya na kutabasamu, maana tabasamu ndilo lililomlisha.

Jioni hiyo, hata hivyo, alikuwa na tumaini. Binti yake Kehau, aliyehamia Las Vegas kama nusu ya ukoo baada ya kushindwa na kodi za nyumba, alikuja na mwanawe Nohea, wamekata tiketi kama watalii. Leimomi alikuwa amemfundisha mjukuu kwa simu wito wa kuomba kuingia. Mgeni husimama mlangoni akaimba, na mwenyeji asipomjibu, haingii.

"Akiitikiwa, Mama, tutazungumza habari za kurudi," Kehau alikuwa amesema, nusu mzaha. Leimomi aliushika mzaha huo kwa mikono miwili.

Nohea alisimama langoni, akaimba. Sauti ilimtetemeka, lakini hakuacha hata neno moja. Pale jukwaani, kabla onyesho halijaanza, moyo wa Leimomi ulijaa. Hakujibu. Bibi yake mwenyewe, aliyemfundisha hula, alimwacha aite mpaka koo likamkauka, ili ajue mlango haufunguliwi hivi hivi. Huyu naye ataita tena, alijisemea, kwa nguvu zaidi. Hilo la kurudia hakuwa amemwambia mtoto, kwa kuwa hata yeye hakuambiwa. Walimu wa hula na ukaidi wao, Mungu awasamehe.

Mtoto alingoja, akimtazama. Mhudumu akamvika shada la plastiki, akampiga picha, akamsogeza kwenye kiti. Mashine ikawashwa. Hapo ndipo Leimomi alipoitikia, kwa koo lake lote, na spika zikammeza. Meza ya mbele ikampigia makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Baadaye aliwakimbilia kwenye maegesho akiwa bado na nguo zake za jukwaani.

"Njoo, kipenzi, ita tena. Safari hii nitajibu."

"Hapana, Tutu," Nohea alimwambia bibi yake, bila hasira. "Nilingoja. Si wewe uliniambia mtu asipojibiwa anarudi alikotoka?"

Leimomi alimgeukia Kehau. Kehau alitazama chini, akambusu mama yake, akamfunga mtoto mkanda. Alisema watapigiana simu. Nohea alivua shada la plastiki na kumrudishia bibi yake kwa adabu.

Gari lilipokata kona, Leimomi aliimba jibu lote la kumkaribisha mgeni, tangu mwanzo hadi mwisho, hakuruka neno.