Anayeshika Funguo

Ofisini kwetu Mikumi, kwenye umoja wa wenye nyumba za wageni, funguo za API anazishika binti mmoja peke yake. Ni yale maneno marefu ya siri yanayoiruhusu programu ya mtu kuingia kwenye mfumo wetu wa vyumba. Kila asubuhi anafungua ukurasa wa usimamizi na kuzipitia zote taratibu, midomo ikichezacheza, kama mtu anayehesabu vifaranga. Hapandishi sauti. Kucha zake ni fupi, hazina rangi, na akitaka kuzima ufunguo wa mtu aliyeacha kazi, kwanza anafuta kidole kwenye kitenge chake. Mimi nimemtangulia hapa miaka mingi, lakini watu wakiingia wanaipita meza yangu kama malori yanavyoipita gesti iliyofungwa.

Juzi mkurugenzi alikuja kumwombea mpwa wake ufunguo. "Shikamoo mzee. Ni wa kazi gani?" binti akauliza, mikono kaiweka mapajani. Mkurugenzi, ambaye salamu yangu huijibu akiwa ameshapita, alisimama akajieleza kama mwanafunzi, kisha akaondoka mikono mitupu, tena anacheka. Nikaona wivu mpaka chai ikanishinda. Ndipo akanigeukia mimi.

"Dada, huu wako tangu nikupe haujatumika. Niuzime?"

Niliuomba kwa sababu wenzangu walikuwa nao. Nikamwambia auache. Akauacha, na kama siku ile aliponipa, hakuniuliza ni wa kazi gani.