Habari za Malisho Nilizozifunga kwa Kufuli

Shule niliiacha darasa la saba, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, bado tunabishana. Lakini simu naijua. Nikafungua websaiti hapa Garsen: maji ya mto yamefika wapi, nyasi ziko upande gani, ng'ombe wameuzwaje mnadani. Wafugaji wakasoma, wakulima wa kando ya mto wakasoma. Matangazo yaliniletea hela ya mandazi tu, tena yalikuwa ya kamari na bia, na wasomaji wangu wengi ni watu wa msikitini. Mzee mmoja aliniuliza kama siku hizi nimefungua baa. Nikayatoa.

Halafu kampuni inayoiweka websaiti hewani ikaniambia nisipolipa kufikia mwisho wa mwezi, wanaizima. Nikaanza kujiuliza, mtu hutoa pesa yake kwa kitu gani hasa? Nikaona jibu ni rahisi. Nikaufunga ukurasa wa malisho: lipa kwanza, ndio usome.

Asubuhi nikaenda kwa mama wa Kiorma anayeniuzia maziwa. Akaweka mkono juu ya kifuniko cha jerikeni.

"Lipa kwanza, ndio unuse."

"Mama, si mimi ni mteja wako wa kila siku?"

"Na mimi si msomaji wako? Mume wangu yuko porini na ng'ombe, amepiga simu nimsomee nyasi ziko wapi. Nimsomee nini, kufuli?"

Waliokuwa wakingoja maziwa wakacheka. Akanieleza kwamba kwao wafugaji wawili wakikutana njiani, hata kama hawapatani, huambiana kwanza maji na nyasi viko wapi. Ndio salamu yenyewe.

"Sasa wewe unauza salamu."

"Basi niuze nini, mama?"

"Mimi nitajuaje? Una miguu, una macho. Tafuta anayeyataka."

Kufuli nikaitoa, maana chai ya rangi sijaizoea. Nikaandika: habari ni bure, lakini ukitaka niende nikakuangalie kitu, nilipe kazi hiyo. Nikakaa nikiwaza nani atalipia macho yangu, na moja lina makengeza.

Akapiga simu mnunuzi wa ng'ombe kutoka Hola. Ameona picha ya fahali aliyeko Golbanti, anataka mtu amuone kabla hajatuma hela. Nikaenda. Fahali amesimama kama diwani. Nikamwomba mwenye fahali amtembeze.

"Kwani unataka kumuoa?"

"Atembee tu, ndugu yangu."

Akatembea, mguu wa nyuma unachechemea. Mwenyewe akanivuta kando: nikisema ni mzima, websaiti atanilipia mwaka mzima. Nilifikiria, tena sana. Lakini nikidanganya huyu wa kwanza, wa pili atalipia nini? Nikamrekodi fahali akitembea, nikatuma.

Mnunuzi akamkataa fahali. Nikajua na mimi nimekosa malipo. Jioni pesa yangu ikaingia. Nikampigia kumuuliza amelipia nini, na ng'ombe hakupata.

"Nimelipia yule niliyemkosa," akasema. "Kesho niangalizie mwingine."

Kampuni nimeilipa, websaiti iko hewani. Mwenye fahali akiniona mnadani ananipita kama nguzo ya stima.