Tarakimu Arubaini na Nane za Mwalimu Silima

Ukifika Wawi ukauliza fundi wa kompyuta, utaoneshwa milango mitatu. Ukisema unamtaka fundi mwanamke, utaoneshwa mmoja tu, nao ni wa Shadya binti Kificho. Usidanganywe na sura yake ya upole. Ulimi anao, mikono anayo, na mpaka siku ilipomfika kompyuta ya Mwalimu Silima, hakuna mtu Wawi nzima aliyewahi kumsikia akisema, "Hii imenishinda."

Kazi alijifunza Unguja, miaka miwili, akarudi na cheti na kiboksi cha bisibisi. Watu wakacheka. Mtoto wa kike afungue kompyuta, nani atampa? Waliompa ni wanawake wenziwe. Mwanamke wa Pemba atampaje mwanamme wa kando simu iliyojaa picha za harusi, yeye na mashoga zake nywele wazi na hina mpaka viwikoni, amwambie niangalizie hii? Kwa Shadya walikwenda bila wasiwasi, wakawapeleka na dada zao na mawifi zao, mpaka kibanda kikawa hakitoshi. Wanaume nao wakafuata baadae, kimya kimya, walipoona kazi inafanyika.

Riziki yake kubwa ilikuwa zile laptop kuukuu zinazokuja kwa makontena kutoka Ulaya. Huko zilikuwa mali ya makampuni, na nyingi huja zimefungwa. Unaiwasha, inagoma. Inakuandikia kwamba huo mfumo unaotaka kuuamsha haiutambui. Ulinzi huo ndio unaoitwa Secure Boot, na kazi yake ni moja: kabla kompyuta haijaamka sawasawa, inamkagua anayeiamsha, na isipomjua inamfungia mlango.

Shadya alikuwa na dawa yake. Anaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, anauzima ule ulinzi, kisha anaifuta chipu ya usalama, kile kidude kidogo kwenye ubao kinachotunza siri za mwenye mashine. Halafu anaweka mfumo mpya, basi, kompyuta inauzika. Mwenyewe wa zamani yuko Ujerumani huko, hana habari wala hana haja. Mashine kama hizo alizifanya mamia. Mikono ikazoea, ikawa inatangulia na akili inafuata nyuma.

Mazoea, jamani, yana taabu. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu yaliyotokea hayakutokana na ujinga. Yalitokana na ufundi uliokolea.

Asubuhi moja ya Jumatano aliingia Ame, mtu wa Wambaa, na kompyuta imefungwa ndani ya kanga. Alikuwa ndugu yake Mwalimu Silima, yule aliyekuwa akisomesha hesabu, aliyeanguka kwa presha mbele ya wanafunzi miezi miwili nyuma na asiinuke tena. Kompyuta ilikuwa ya marehemu. Aliyeituma ni mjane, Bi Mwanakhamis, ambaye mwenyewe hawezi kutoka kwa kuwa ni kizuka, yumo ndani anakaa eda.

"Fundi Shadya," alisema Ame, "shemegi yangu hataki kompyuta. Anataka sauti ya ntoto imo humu."

Akamweleza. Mwalimu na mkewe walijaaliwa mtoto mmoja, Laila. Alikufa miaka mitatu iliyopita, homa ya siku tatu, ana umri wa miaka tisa. Mwezi mmoja kabla yake alisoma kasida kwenye maulidi ya chuo chao cha Kurani, na baba'ke akamrikodi kwa simu, dakika kumi na mbili. Simu yenyewe ilikuja kudondoka baharini Mkoani, lakini sauti alikwisha kuihamishia kwenye kompyuta. Nakala nyengine haikuwepo. Bi Mwanakhamis alikataa, alisema sauti ya mwanawe haizururi kwenye simu za watu. Ikawa kila Ijumaa Mwalimu akirudi msikitini, wakishakula, wanafunga mlango na kumsikiliza mtoto wao, wawili tu. Mwalimu alipokufa, mashine ilikaa kabatini. Siku mjane alipoitoa aisikilize peke yake, ikaonesha maandishi mekundu na ikagoma kuwaka.

Shadya aliiwasha, akayasoma yale maandishi. Akatabasamu.

"Kazi ndogo hii, Kaka Ame. Mwambie Bi Mwanakhamis kesho tu atamsikia."

Angelijua, asingelisema.

Aliifungua, na ubaya alioutafuta akauona mara moja. Betri ya saa, ile ndogo ya duara inayokaa kwenye ubao, ilikuwa imekufa. Betri hiyo ikifa, kompyuta husahau tarehe na husahau mipangilio yake, ikafika hata kuukataa mfumo wake yenyewe. Akaweka mpya. Hapo alikuwa amebakiwa na kazi ya dakika mbili: arejeshe saa, arejeshe ule ulinzi ulivyokuwa, aiwashe. Ingeliwaka. Haki ya Mungu ingeliwaka, na Laila angelisoma.

Lakini mikono ilikwisha kwenda. Mipangilio ya ndani, ulinzi zima, chipu futa. Mashine ikamuuliza kwa maandishi makubwa kwamba ukifuta, vilivyofungwa vyaweza kupotea, una hakika? Wakati ule kulikuwa na mtu mlangoni anataka chaja. Shadya akageuza shingo kumjibu na kidole kikabonyeza ndiyo.

Alipogeuka tena, skrini ilikuwa ya buluu. Ilikuwa inataka ufunguo wa kurejeshea, tarakimu arubaini na nane, makundi manane ya tarakimu sita sita.

Hii haikuwa mashine ya Mjerumani asiyejulikana. Hii ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliifunga diski yake makusudi, maana walimu wanaotunga mitihani walikuwa wamefundishwa kwenye semina kuzifunga kompyuta zao zisiibiwe maswali. Ufunguo wa kufuli hiyo hukaa pahala pawili. Mmoja hukaa ndani ya chipu, na huo hufungua wenyewe kila siku, mwenye mashine hata hajui. Wa pili ni zile tarakimu, ambazo mwenyewe hupewa siku ya kwanza azihifadhi anapojua. Ule wa chipu Shadya alikuwa ameufuta sasa hivi, kwa kidole chake, huku anauza chaja.

Siku mbili hakula vizuri. Alipiga simu Unguja, akapiga Dar es Salaam, akawauliza mafundi waliomfundisha kazi. Wote jawabu moja: bila ya tarakimu, hakuna njia, na anayekwambia ipo anataka kukuibia. Ame alipompigia simu, Shadya alimjibu kwamba bado anaishughulikia. Angeweza kusema diski imekufa, maneno ambayo fundi yeyote husema na hakuna mteja anayebisha. Usingizi ulimkataa kwa kuiwazia hiyo njia. Jumamosi asubuhi akafunga kibanda, akapanda gari hadi njia panda, akamalizia kwa bodaboda hadi Wambaa, kompyuta imo kwenye mkoba kifuani.

Kwa kuwa ni mwanamke, hakuzuiliwa mlangoni. Bi Mwanakhamis alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani, kavaa kaniki, hana wanja wala pete, kakonda mashavu yameingia ndani. Alipouona mkoba uso wote ulifunguka.

"Umeniletea, mwanangu?"

Shadya alitamani ardhi impasukie. Akampa pole ya msiba, akakaa, akashindwa kuanza na yaliyo mazito. Akaanza na lile lililokuwa na matumaini.

"Bi Mwanakhamis, mashine inataka namba. Nyingi, makundi manane, kila kundi namba sita. Marehemu hakuacha karatasi ya namba pahala?"

Yule mama alimsogelea.

"Za wino mwekundu?"

Mwalimu huyu! Wino mwekundu, wa kusahihishia madaftari!

"Yawezekana, yawezekana sana! Umeziona wapi?"

"Zilikuwamo ndani ya msahafu wake, penye Yasin. Karatasi kaikunja mara nne. Kaipiga mistari kwa rula, visanduku vinane, kila kisanduku namba zake."

"Ndiyo hiyo! Alhamdulillahi! Iko wapi, Bi Mwanakhamis? Nipe, sasa hivi utamsikia Laila."

Bi Mwanakhamis hakuinuka. Alianza kuikunja na kuikunjua ncha ya kaniki.

"Miye n'likwenda chuo tu, skuli sikufika mbali," alisema polepole. "Ile wiki ya kwanza n'likuwa silali. Nafumba jicho, namuona baba'ke kalala chini. Nikafungua msahafu nisome, nikaikuta. Nikaona visanduku, nikaona namba, wino mwekundu kama zafarani. Nikajua azima, ile dawa ya kuandikwa. Tangu Laila alipokufa usingizi wangu ulikwisha, na Silima kila siku akinambia, nitakutafutia dawa. Nikasema kumbe mume wangu kaitafuta, kaenda akaandikiwa, kafa hajanipa."

Akaiachia ncha ya kaniki.

"Nikaitia kwenye bakuli, maji na marashi. Wino ukatoka wote. Nikapiga bismillahi, nikainywa. Na nililala, mwanangu. Nililala siku ile mpaka adhana ya alfajiri."

Shadya alijishika kichwa. Tungojee kidogo hapa, maana wapo watakaocheka. Wasicheke. Wangapi katika sisi wamekunywa maji ya kombe, yaliyooshewa namba wasizozisoma wala wasizozijua, na wakapoa? Karatasi ndani ya msahafu, kwa mkono wa mume, visanduku na wino mwekundu: nani kisiwa hichi angedhani ni mambo ya kompyuta?

"Kwani zilikuwa nini?" aliuliza Bi Mwanakhamis.

"Zilikuwa ufunguo, Bi Mwanakhamis. Wa humu ndani."

Yule mama akaupeleka mkono kinywani ukabaki pale pale. Shadya hakumwacha aubebe peke yake ule mzigo. Alimwambia yote: ufunguo ulikuwa pahala pawili, wa kwanza ulikuwamo ndani ya mashine na ulikuwa unatosha, ile karatasi isingelihitajika hata kidogo.

"Na huo wa kwanza nimeufuta miye. Si maradhi ya mashine, wala si wewe. Ni mkono wangu. Mashine iliniuliza, nami nikasema ndiyo bila ya kuisoma."

"Ulikuwa na haraka gani?"

Machozi yalimtoka Shadya akayaacha yatiririke.

"Ulikuwa na haraka gani, mtoto wewe?" Bi Mwanakhamis alirudia, safari hii kwa ukali, na nje wanawake waliokuwa wakipeta mchele wakasimamisha nyungo zao. "Miye nimekaa ndani siku sitini na tano sioni jua, nangojea sauti moja tu! Wewe hata kusoma ulishindwa?"

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini!"

Alilia kwa muda mrefu, na Shadya akakaa pale pale, hakuthubutu kumgusa wala kuinuka. Mwisho yule mama alijifuta uso kwa kaniki, akauliza kwa sauti iliyochoka:

"Basi amefutika?"

"Hajafutika. Yumo humo humo, mzima, dakika zote kumi na mbili. Hakupungua hata pumzi. Ila hafikiwi. Mtu akikaa akajaribu namba moja moja, atakufa, na wajukuu zake watakufa, hajafika popote." "Mashine bado nzuri. Nikiweka mfumo mpya itafaa, lakini nikiweka, hapo ndipo atakapofutika."

Bi Mwanakhamis akaivuta kompyuta kwa mikono miwili, akaipakata.

"Usinigusie mwanangu," alisema. Kisha akaifungua: "Niwashie."

Shadya akaiwasha. Skrini ikawa buluu, na visanduku vinane vitupu vikajipanga. Bi Mwanakhamis alivitazama sana.

"Ndivyo hivi hivi alivyovichora," alisema. "Wapi panabonyezwa?"

Shadya akamwonesha. Yule mama akafumba macho, midomo ikawa inakwenda, kisha akanyoosha kidole kimoja akabonyeza tano. Akabonyeza sita. Akaenda hivyo, taratibu, namba baada ya namba, mpaka zikatimia sita.

Mashine ile hulipima kila kundi kwa hesabu yake, na la kubahatisha aghlabu hulikataa papo hapo. Shadya alingojea ilikatae. Haikulikataa. Kile kijistari kinachopepesa kikasogea kisanduku cha pili, kikasimama hapo, kinangojea.

"Bi Mwanakhamis!" Alimshika mkono bila ya kujua. "Imekubali! Hili ni lenyewe! Umelikumbukaje?"

"Nililitazama sana. Lilikuwa la juu kabisa."

"La pili? Vuta fikra taratibu, tuna siku nzima, tuna mwaka mzima. La pili lilikuwaje?"

Kidole kilibaki hewani juu ya namba, kikitafuta. Bi Mwanakhamis alifumba macho tena, akayafumba kwa nguvu mpaka uso wote ukajikunja, halafu akayafungua na kumtazama Shadya.

"La pili," alisema, "nilipolitazama lilikuwa lishaingia maji."