Feza ya Kigari Niliitangaza Kanisani

Wasomaji, musinitafutie shetani wa kusingizia. Siku ile shetani alikuwa na kazi yake ingine. Mukosaji ni miye, na kinywa changu.

Binti yangu Zawadi, miguu yake ilikauka tangu utoto. Alikuwa anatambaa kwa mikono, sandale kwenye viganja, mavumbi ya Kasongo puani. Mwaka jana mradi mumoja wa walemavu ukamupatia kigari cha kuendesha kwa mikono. Haleluya! Akaanza kwenda kujifunza kushona, yeye peke yake.

Mama wa mradi akanipatia na feza kando: "Hii ni ya mambo ya ghafula. Chuma kikikatika, mupira ukipasuka. Na kwa barabara zetu hizi vitaharibika tu, mama. Usiiguse."

Miye, mutu wa masomo ya watu wazima ya mangaribi, nikajibu nimeelewa. Ee, nilielewa sana!

Siku ya Mungu nikasimama kutoa ushuhuda. Si ningesema tu asante Yesu, nikae? Nikaona mama wote wananiangalia, utamu ukanipanda. "Na feza ya mambo ya ghafula Mungu ameniwekea!" Nikaomba vijana wachome zile sandale za kutambalia pale uwanjani pa kanisa, mutoto wangu hatatambaa tena! Vigelegele. Pasta akalia. Na miye nikalia. Nilijipenda sana siku ile.

Kesho yake, ghafula zote za Kasongo zikajua mulango wangu.

Mama wa kwaya, homa ya mutoto: ghafula. Jirani, mbuzi imekula sabuni yake ya kuuza: ghafula! Shemegi yangu akatoka Kabambare na pikipiki, matope mpaka masikioni. Shangazi wa ukoo wao amekufa.

"Shemegi, sanduku ya kumuzika hatuna."

"Ile feza ni ya kigari."

"Mama Zawadi, kifo tulikipangia siku? Ao Mungu wako anatoa kanisani, nyumbani anafunga?"

Shangazi mwenyewe, kwa uzee wake mababu walikuwa wamechoka kumungojea. Ghafula gani! Lakini nikatoa, kama nilivyowatolea wale wengine. Mama wa ushuhuda aitwe mwenye roho mbaya?

Zawadi akauliza, "Mama, na ghafula yangu itakuja lini?"

Nikamukaripia: imani haba!

Ilikuja mu masika. Chuma cha gurudumu kikakatika njiani, na mukebe wa feza mutupu. Nikazunguka kwa wote niliowasaidia. Mama wa kwaya: "Tutakuombea." Shemegi: "Aliyetoa ya kwanza atatoa ya pili." Jamani, imani ya watu iko kubwa, ikiwa feza ni yangu!

Mwalimu wa kushona akangoja, akachoka, mashini ya Zawadi akaipatia mwingine.

Mutoto akashuka chini tena. Na sandale? Si tulizichoma, haleluya! Nikavua zangu za kanisani, zile za mukanda mweupe. Akaziingiza mikononi.

"Ziko kubwa kidogo, mama."

Afazali angenitukana!

Sasa ninauza mihogo, kidogo kidogo, mpaka chuma kipatikane. Kanisa sijaacha, Mungu hakukosa kitu. Juzi pasta akauliza nani ana ushuhuda. Wote wakanigeukia. Nikaficha miguu yangu isiyo na sandale chini ya benchi.

Mama wenzangu, feza ya ghafula ya mutoto mumushukurie Mungu chumbani, mulango umefungwa. Yeye atasikia tu. Na shemegi asisikie!