Siku Chumba cha Kahawa Kilipopata Pumzi

Kiangazi kile mimi na wifi yangu tulikuwa tunakaanga kahawa katika chumba kimoja cha kupanga mtaani Bakoba, karibu na ziwa. Kilikuwa chumba cha hatua nne kwa sita, bati tupu bila dari, mlango mmoja wa kuelekea barabarani na dirisha dogo la nyuma ambalo sisi wenyewe tuliliziba kwa magunia. Katikati tuliweka pipa la chuma, limelazwa juu ya jiko la mkaa, na mkono wa kulizungushia. Mmoja anazungusha, mwingine anapepeta.

Kahawa ilitoka kwa mama yangu, kijijini Izimbya, na inavunwa kiangazi, kwa hiyo jua na kazi vilitujia pamoja. Ikifika saa sita mchana bati lilianza kulia ta, ta, ta, kama mtu anayevunja njiti juu ya vichwa vyetu. Jasho lilishuka mgongoni mpaka kwenye visigino. Wifi, ambaye ni dada wa mume wangu na hana subira hata na chai ya moto, alisema siku moja pipa litatukaanga sisi na kahawa itatuuza sokoni.

Tulianza na feni. Tuliinunua asubuhi, tukaichomeka saa nne, na saa nne na dakika mbili tukaijutia. Ukipepeta kahawa iliyokaangwa hutoka maganda membamba, mepesi kuliko unyoya, na tulikuwa na karai zima la maganda hayo. Feni iliyainua yote kwa mpigo mmoja. Yalizunguka chumbani kama senene walioona taa, yakatuingia masikioni, yakatoka mlangoni na kumfuata mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na nguo zake za kanisani. Wifi alimkimbilia kumpangusa, naye akadhani anaibiwa mkoba. Walizungukana pale barabarani mpaka nikakaa chini kwa kucheka. Mwisho yule mama aliondoka na robo kilo ya kahawa ya bure, na maganda nywelini.

Baada ya hapo tukapata akili nyingine, mbaya kuliko ile ya kwanza. Tulivua magauni, tukajifunga khanga kifuani, na kwa kuwa hatukutaka watu watuone hivyo, tukafunga mlango.

Nakumbuka mchana ule vizuri, mpaka mahali fulani. Nilikuwa nazungusha pipa. Wifi akasema, "Hii kahawa inaniangalia." Sijui kwa nini maneno hayo yalinishinda. Nilicheka mpaka nikaachia mkono wa pipa. Yeye akacheka kwa sababu mimi nacheka. Magoti yakawa mepesi, chumba kikawa kinaelea, na kila nilichokitazama, karai, gunia, kidole changu cha mguu, kilikuwa kichekesho. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha kama ile. Kichwa kilikuwa kinauma, lakini kwa mbali, kama kichwa cha mtu mwingine.

Mlango ulisukumwa. Aliingia mteja wetu mmoja, muuguzi mstaafu, aliyekuja kuchukua kahawa yake ya wiki.

"Mnacheka nini?" akauliza.

"Hatujui, mama," nikamjibu, na hilo nalo likatuchekesha.

Yeye hakucheka. Aliuacha mlango wazi, akatushika mikono, mmoja kulia mmoja kushoto, akatuburuta nje hadi chini ya mparachichi. Nilitapika hapo hapo. Kahawa iliungua, tukaiacha iungue. Alinishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, kisha akamshika wifi.

"Huo ni moshi wa mkaa," akasema. "Si ule mnaouona. Ni ule usioonekana. Mngekaa nusu saa nyingine, ningewakuta hamcheki."

Alitupakia kwenye bajaji mpaka zahanati, tumejifunga khanga kama watu waliotoka kuoga mtoni. Njiani wifi bado alikuwa anacheka peke yake, machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa nimeanza kuogopa. Tulilazwa mpaka jioni, tukapewa hewa ya mtungi, tukarudi nyumbani.

Habari zilifika Muleba, kwa wakwe zangu, kabla ya giza. Kesho yake asubuhi baba mkwe wangu alishuka kwenye basi na futi ya fundi mfukoni. Ujana wake wote aliumaliza kisiwani Bumbire akibanika samaki, na kuhusu moshi hakuna aliyeweza kumfundisha kitu. Ni mzee wa maneno machache. Mbele yake mimi ni mukamwana, mke wa mwanawe, kwa hiyo nikimwamkia napiga magoti, na sijawahi kucheka kwa sauti akiwa karibu.

Alisimama katikati ya chumba, akatazama juu, akatazama magunia dirishani.

"Kwa nini mlifunga mlango?" akauliza.

Mimi na wifi hatukutazamana, maana tungetazamana mambo yangeharibika.

"Vumbi, Tata," wifi akamwambia baba yake.

"Vumbi," mzee akarudia, taratibu. Nilikaza macho kwenye ukucha wangu na kuuma shavu kwa ndani. Niliumia, lakini sikucheka.

Alichukua majani makavu ya mgomba, akayawasha, akayapuliza mpaka yakabaki kufuka, akazunguka nayo chumbani. Tulimfuata nyuma. Karibu na sakafu moshi ulisimama kama umepotea njia. Juu ulijikusanya chini ya bati na kukaa pale, mzito, hauna pa kwenda.

"Hewa ya moto inapanda," akasema. "Mmeifungia juu. Na hata ikitoka, nyingine itaingilia wapi? Inataka tundu chini na tundu juu. La chini upande wa ziwani, upepo unakotoka mchana. La juu kwenye mgongo wa paa."

Mwenye nyumba alikubali, kwa sharti kwamba tusimuombe saruji. Kazi ilichukua siku mbili. Mzee alipanda paani mwenyewe tukimsihi ashuke. Alifungua kofia ya bati pale juu mapaa mawili yanapokutana, akaiinua shibiri moja kwa vipande vya mbao, akaziba pembeni kwa wavu ili ndege wasiingie. Bati lote akalipaka chokaa, likawa jeupe hata huwezi kulitazama. Jiko alilisogeza kando kidogo ya mkondo wa upepo, akalijengea bomba la kutolea moshi moja kwa moja paani.

Tundu la chini alituachia sisi. Alichora mstari ukutani kwa mkaa, usawa wa goti, akampa wifi nyundo na patasi. Wifi alipiga tofali la kwanza kwa nguvu zote za kiangazi kile. Lilipotoka, uliingia upepo wa ziwani, baridi, wenye harufu ya majani mabichi, ukampiga usoni. Alibaki amepiga magoti, kinywa wazi.

"Wifi, njoo uweke uso hapa," akasema.

Nikaweka. Tulikaa pale mashavu yamegusana kwenye tundu la tofali moja, kama mbuzi wawili kwenye kihori. Kisha tukabomoa mengine manne bila kupumzika.

Tulipowasha jiko, mlango ukiwa wazi na magunia yametolewa dirishani, mzee alichota konzi moja ya maganda ya kahawa na kuyaachia usawa wa kifua. Hayakuanguka. Yalisitasita, yakaanza kupanda, polepole, yakizunguka, mpaka kwenye mgongo wa paa, yakapenya kwenye wavu na kwenda zake. Akaachia mengine. Nayo yakapanda. Akachota tena, na safari hii nikasikia sauti nisiyoijua: alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, anarusha maganda kama anayerusha mchele harusini. Hapo ndipo na mimi nilipocheka mbele ya baba mkwe wangu kwa mara ya kwanza, sauti yote, na hakuna aliyenikaripia. Wifi alianza kuimba na kucheza. Kahawa tuliyokaanga siku ile tuliizungusha kwa zamu, tukipokezana kila wimbo ulipoisha.

Bati bado lilikuwa linalia mchana, lakini kwa chini chini, na sisi tulikuwa tumevaa magauni yetu.

Alasiri mzee aliomba kiti. Alikiweka mbele ya tundu la chini, akanyoosha miguu, shati likijaa upepo, akafumba macho. Basi la mwisho la Muleba lilipiga honi barabarani, likasubiri kidogo, likaondoka. Hatukumwamsha.