Giza Alilolipanga Akimana

Usiku ule simu ya Akimana haikupatikana. Nilikaa sebuleni hapa Heru Juu, kanga mabegani, nikisikiliza kila pikipiki iliyopanda kilima. Nilichokuwa nacho ni neno moja tu la mtu wa kwaya: Pascasie ameanguka jukwaani Kibondo, yuko hospitali. Pascasie ni jirani yangu. Tulikimbia vita Burundi pamoja tukiwa wasichana, kama wengi wa kwaya yake, tukalala porini tukifunikana kitenge kimoja.

Akimana ni mwanangu wa pekee. Alipomaliza kidato cha nne alijifunza kuendesha taa za jukwaani kwa kompyuta, kwa watu wanaokodisha muziki mjini Kasulu. Kwenye kioo kuna vijumba vidogo, kila kijumba na taa yake. Akigusa kitufe, jukwaa zima linakuwa la bluu. Kompyuta ile huifunga kwenye kitenge mgongoni, kama wenzake wanavyobeba watoto.

Tamasha hilo la kwaya alilipanga mezani kwangu, wimbo kwa wimbo, Pascasie akichungulia.

"Hapa mnapoimba habari za kaburi," Akimana akasema, "ngoma inalia mara moja, nazima zote. Kisha mwanga unarudi polepole."

"Zote?" nikauliza.

"Zote, mama. Ndiyo raha yake."

"Bakiza hata moja."

Pascasie akacheka. "Mwache mtoto, Mama Akimana. Wewe hata umeme ukikatika unaingia uvunguni!"

"Naingia, nakukuta umeshatangulia."

Tukacheka wote. Akimana kazaliwa hapa. Kwake giza ni umeme kukatika tu.

Jua lilikuwa limeshatoka Evaristi wa bodaboda alipomshusha Akimana mlangoni. Hakuwa na kompyuta.

"Ngoma ilipolia na taa zikazimika," akasema, "akina mama wa kwaya wakajitupa chini. Mmoja akapiga kelele, 'Wamekuja!' Wengine wakakimbia. Nilibonyeza mwanga urudi haraka, mama, nikabonyeza na kubonyeza. Ukarudi polepole, vilevile nilivyoupanga. Ulipofika, Mama Pascasie alikuwa chini ya jukwaa, kwenye saruji."

"Yukoje?"

"Amefariki usiku."

Nilichota unga wa muhogo, nikafunga kuni, tukaenda. Kwetu nyumba ya msiba haifungwi mlango. Hata mliyekosana naye huingia akalia. Lakini walipotuona tukikaribia, mlango ukafungwa.

"Baba Melkiadi," Akimana akaita, "ni mimi. Nimekuja kuomba radhi."

Mume wa Pascasie akajibu kutoka ndani. "Mama yako aingie. Wewe nenda kacheze na taa zako."

"Shemeji," nikasema, "huyu mtoto Pascasie ndiye aliyemkata kitovu. Tunaingia wote."

"Basi kaeni huko."

Niliweka unga kizingitini, tukakaa chini. Waombolezaji walikuja wakatupita, wakazunguka nyuma kwenye mlango wa jikoni. Wengine walinishika bega. Akimana hakuna aliyemgusa. Kila komeo lilipogonga ndani alinyanyuka, akajifuta vumbi, akasimama tayari.

Mlango wa mbele haukufunguliwa.